Makato yakibadilika, unafungua folda ngapi?

Kama wewe ni kati ya wale vijana wanaoundia biashara ndogondogo programu za mishahara, tangu 2023 umekuwa mbioni. Teknolojia haijakusumbua sana. Kilichokutoa jasho ni makato.

Hebu tuhesabu. Februari 2023, Mahakama ya Rufaa ilifungulia njia viwango vipya vya NSSF. Mchango wa juu wa mfanyakazi, uliokuwa Sh200 kwa miaka mingi, ukaruka hadi Sh1,080. Mwaka uliofuata Sh2,160, kisha Sh4,320 mnamo Februari 2025, halafu Sh6,480 Februari 2026. Katikati ya hayo Ushuru wa Nyumba wa asilimia 1.5 ulianza Julai 2023, ukasimamishwa na mahakama Januari 2024, ukarudi Machi na sheria yake mpya. Oktoba 2024 NHIF ikazikwa, SHIF ya asilimia 2.75 ikaingia. Na wasee wakiwa kwa likizo ya Krismasi, Desemba 27, 2024, ikaanza sheria nyingine: pesa za SHIF na za nyumba ziondolewe kwenye mshahara kwanza, ndipo PAYE ikokotolewe.

Sasa mwangalie kijana mwenye wateja watano: hadwea, saluni mbili, shule ya chekechea na kampuni ya walinzi. Alianza na hadwea. Saluni ilipokuja, akakopi folda nzima, akabadilisha jina na rangi. Ya tatu hivyo hivyo. (Neno lenyewe linatuchanganya, maana mtaani kodi ya KRA na kodi ya kompyuta ni neno moja. Hapa ya kompyuta nitaiita msimbo.) Mwisho wa siku ana nakala tano za hesabu ile ile, na hakuna mbili zinazofanana, kwa sababu kila moja ilirekebishwa usiku tofauti, mteja akiwa anapiga simu.

Anayeumia si yeye. Chukua mfanyakazi wa Sh50,000. SHIF yake ni Sh1,375, ya nyumba Sh750, jumla Sh2,125. Yuko kwenye ngazi ya kutozwa asilimia 30, kwa hivyo msimbo unaosahau kuondoa hiyo Sh2,125 kabla ya PAYE unamkata Sh637.50 zaidi kila mwezi. Hiyo ni nauli ya siku kadhaa. Na yeye hatajua, kwani nani husoma hati ya malipo mstari kwa mstari? Ataona tu mshahara umepungua, alaumu serikali, na pengine mara hii serikali haina makosa.

Dawa yake inajulikana, ni vile watu huiona kama mambo ya makampuni makubwa. Toa hesabu ya makato ndani ya zile folda tano, iweke kwenye hifadhi yake yenyewe ya Git, iwe moduli moja. Miradi yote mitano iiite kutoka hapo. Ukitumia Python, pip inaweza kuivuta moja kwa moja kutoka kwa hifadhi hiyo. Ukitumia JavaScript, npm inafanya vivyo hivyo. Git yenyewe pia ina sabmoduli, ingawa kwangu hizo huleta fujo kwa mtu anayefanya kazi peke yake, na singempa anayeanza.

Lakini kuhamisha msimbo ndiyo sehemu rahisi. Penye kazi ni jinsi unavyoandika viwango. Wengi huandika 0.0275 katikati ya hesabu na kuendelea na maisha. Halafu mfanyakazi aliyeacha kazi anarudi kudai malimbikizo ya Septemba 2024, na programu inamkata SHIF kwa mwezi ambao SHIF haikuwepo. Kiwango kinafaa kukaa kwenye jedwali pamoja na tarehe kilipoanza na tarehe kilipokoma. Moduli iulize: huu mshahara ni wa mwezi gani? Kisha ichague. NHIF ilikuwa na ngazi, kutoka Sh150 hadi Sh1,700, na SHIF ni asilimia yenye kima cha chini cha Sh300, kwa hivyo si tarakimu tu iliyobadilika, hata namna ya kukokotoa ilibadilika. Zote mbili lazima ziishi ndani ya moduli moja bila kugombana.

Usitie kila kitu humo, tafadhali. Ovataimu ya walinzi ni ya kampuni ya walinzi. Kamisheni ya msusi ni ya saluni. Ukiviingiza kwenye moduli utaanza kuandika “kama mteja ni fulani, fanya hivi”, na utakuwa umerudisha zile folda tano kupitia mlango wa nyuma.

Pia funga toleo. Machi 2016 mtu mmoja aliondoa kwenye npm kipande chake cha mistari 11 kinachoitwa left-pad, na maelfu ya miradi duniani ikagoma kujengeka siku hiyo. Moduli yako ni ndogo, ila kanuni ni ile ile. Kila mradi useme unataka toleo gani, na usipande hadi jipya kabla hujalijaribu kwa mishahara ya kweli uliyokokotoa kwa kalamu. Ukibadilisha kitu saa tano usiku, saluni zisiamke nacho asubuhi bila habari.

Kuna jambo la mwisho ambalo sijasikia likizungumzwa kwenye mikutano yetu. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi uliyoagizwa na kulipwa kuifanya inaweza kuhesabiwa kuwa ya aliyekuagiza, msipokubaliana vingine. Maana yake mwenye hadwea, aliyelipia hesabu ile ya kwanza, anaweza kusema moduli ni yake na saluni zinaitumia bila ruhusa. Kwa hivyo iandike kwenye mkataba kabla hujapokea deposti: moduli ya makato ni yangu, mteja ana ruhusa ya kuitumia bila kikomo, programu iliyobaki ni yake. Wengi watatia sahihi bila maneno mengi. Wao shida yao ni PAYE ifike KRA kufikia tarehe 9.