Fungua boksi kabla ya kufungua pochi

Wanachuo wenzangu, bumu likitoka kila mtu ana mpango wake. Muhula uliopita mimi na mwenzangu wa geto mpango wetu ulikuwa mmoja: kuiwekea kompyuta yetu ya mtumba kadi ya grafiksi, tuhariri video za masomo na, tusidanganyane, tucheze gemu.

Kompyuta yenyewe, kama nyingi zilizotoka maofisini, haikuwa na kadi ya kujitegemea. Picha zinatengenezwa na sehemu iliyomo ndani ya prosesa, na sehemu hiyo inaazima RAM ya kompyuta. Kadi inakuja na kumbukumbu yake. Mpaka hapo tulikuwa sahihi. Tukachanga, tukashuka Kariakoo, tukarudi na kadi.

Haikuingia. Boksi letu ni lile jembamba, linalotaka kadi fupi. Halafu kadi ilidai waya wake wa umeme, na pawasaplai yetu haikuwa nao. Tundu la PCI Express linatoa wati 75 tu. Kadi inayokula zaidi ya hapo lazima ipate waya kutoka pawasaplai. Muuzaji akasema mali ikishauzwa hairudi. Wiki mbili tulipiga pasi ndefu.

Sisemi kadi ni anasa. Anayechora majengo ya 3D anaihitaji kweli. Ila wengi wetu tunachapa asaimenti, tunaandaa slaidi na kuangalia video. Kwa kazi hizo grafiksi ya ndani inatosha. Ikiwa nzito, ongeza kwanza RAM, ikiwezekana vipande viwili vinavyolingana, maana grafiksi hiyo inaishi kwa kuazima humohumo.

Ukiona bado unahitaji kadi, pima boksi, soma wati kwenye lebo ya pawasaplai, uliza kama kadi inataka waya wake. Ukishaifunga, hamisha waya wa skrini kutoka tundu la zamani uuchomeke kwenye kadi. Wapo wanaoona skrini nyeusi wakamlaumu fundi, kumbe waya haujahamishwa.

Najua mtasema hii ni kazi ya watu wa IT. Sisi wa ualimu tujiulize: tukipangiwa shule yenye kompyuta kumi za msaada, nani ataitwa? Ni wewe, mwalimu kijana, "uliyesoma juzi". Ukimshauri mkuu wa shule anunue kadi kumi zisizoingia, fedha iliyopotea siyo bumu lako tena. Huenda ni michango ya wazazi waliouza mahindi.

Kwa hiyo, bora ujinga huu tuumalize hapahapa chuoni, kwa hela zetu wenyewe. Kadi yetu bado iko juu ya kabati. Mwenye boksi pana na pawasaplai ya kueleweka, aje tuongee bei. Lakini apime kwanza.