Mnyama Asiyehesabiwa Hana Mlinzi

Kila askari anajua maana ya kuhesabu. Ghala la silaha lisilokaguliwa huibwa, na kikosi kisichoitwa majina asubuhi hakijui nani hayupo. Kanuni hiyo ndiyo inayowalinda wanyama walio hatarini kutoweka.

Tukumbuke yaliyompata faru. Katika miaka ya 1970 sheria ililegea nchini mwetu, bunduki zikazagaa, na baadhi ya waliowinda walivaa sare. Ilipofika mwaka 1983, hakubaki Uganda faru hata mmoja porini. Ilitubidi kungoja hadi mwaka 2005 ndipo faru walipoletwa tena, kutoka Kenya, na kuwekwa katika hifadhi iitwayo Ziwa, wilayani Nakasongola, chini ya ulinzi wa silaha usiku na mchana.

Gorila wa milimani ameepuka msiba huo. Katika milima ya Virunga, inakopakana Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hesabu ya mwaka 1981 ilipata gorila 254; ile ya miaka ya 2015 na 2016 ilipata 604. Katika msitu wa Bwindi, hesabu ya mwaka 2018 ilipata 459. Wahesabuji hufuata nyayo hadi kwenye malalo ya usiku, huokota kinyesi, na maabara humtambua kila mnyama. Huo ni upelelezi kamili.

Faida yake ilionekana mwaka 2020. Tarehe 1 Juni, Rafiki, dume kiongozi wa kundi la Nkuringo, alikosekana kundini. Kesho yake mzoga wake ulipatikana msituni, umechomwa kwa mkuki. Siku chache baadaye mhusika alikamatwa, na mwezi Julai mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 11. Kama Rafiki asingekuwa akifuatiliwa kila siku, nani angejua mapema?

Ndugu askari na polisi, kazi hii si ya wahifadhi peke yao. Aliye doria mpakani akiona nyaya za mitego, atoe taarifa. Aliye kizuizini akikamata pembe za ndovu, ushahidi ufike mahakamani ukiwa kamili, kwani Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inafikia hata kifungo cha maisha. Nyama ya magendo isinunuliwe kambini.

Faru walitoweka huku wenye sare wakishiriki. Gorila wabaki kwa sababu wenye sare wamekataa.