Ujira wa Wema

Kuna wema utendwao kwa kuwa ni wema, na kuna wema utendwao kwa kuwa una malipo. Kwa mbali hufanana kama sarafu halali na sarafu ya bandia. Tofauti yake hudhihirika siku malipo yanapokoma. Nataka, msomaji, kukuonyesha tofauti hiyo mahali ambapo labda hukutazamia kuiona, yaani katika mchezo wa kompyuta. Usiidharau hoja kwa sababu ya mahali ilipookotwa. Wazee wetu walipokea hadithi kando ya moto. Vijana wengi wa leo huzipokea mbele ya kioo chenye nuru, na kila asimuliaye hadithi hufundisha, apende asipende. Kwa hiyo ni haki yetu kuuliza mwalimu huyu mpya afundisha nini.

Mchezo nitakaouhukumu waitwa Fallout 3. Ulitolewa mwaka 2008 na kampuni ya Bethesda ya Marekani. Katika hadithi yake, mataifa makubwa yalipigana kwa silaha za nyuklia mwaka 2077, na miji ikageuka majivu. Miaka 200 baadaye, kijana wa miaka 19 atoka katika handaki alimolelewa, naye aingia katika magofu ya Washington kumtafuta baba yake aliyetoweka. Kijana huyo ndiye wewe mchezaji. Nchi uionayo imekauka. Maji yake yana sumu ya mionzi. Fedha ya watu wake ni vifuniko vya chupa za soda. Na sheria ni ya mwenye bunduki. Hapana serikali ya kukuadhibu wala jirani wa kukuaibisha. Mahali kama hapo ndipo tabia ya mtu ingejulikana kweli.

Katika nyika hiyo mna mji mdogo uitwao Megaton, uliojengwa kwa mabati na mabaki ya ndege kuukuu. Katikati ya mji limelala bomu la atomiki ambalo zamani lilianguka lisilipuke. Watu wamejenga vibanda kulizunguka, na wako hata wanaoliabudu. Mkuu wa mji, Lucas Simms, akuomba ulizime bomu hilo. Ujira wako ni vifuniko 100, na ukijua kunena, waweza kumpandisha mpaka 500. Lakini katika kilabu cha pombe cha mji huohuo ameketi mtu mwenye suti nadhifu na kofia, jina lake Burke. Yeye ametumwa na tajiri aitwaye Tenpenny, aishiye juu kabisa katika jumba refu, ambaye huuona mji ule wa maskini kama uchafu unaoharibu mandhari ya dirisha lake. Burke akupa kifaa cha kutega kwenye bomu, ili mji wote uteketee. Ujira wake ni vifuniko 500, na ukibishana naye vizuri wafika 1000.

Sasa itazame mizani kwa makini. Ukiuokoa mji, wapewa nyumba ndani yake pamoja na mtumishi wa chuma. Ukiuteketeza mji, wapewa chumba cha fahari katika jumba la tajiri, nacho pia kina mtumishi wa chuma. Huku nyumba na kule nyumba. Huku mtumishi na kule mtumishi. Tofauti ni kwamba muuaji alipwa fedha zaidi na kitanda kizuri zaidi, na mwokozi huwa karibu na duka. Basi mchezaji aliyekabiliwa na roho za watu, pamoja na mtoto wa mkuu wa mji achezaye katika njia zake, huanza kulinganisha vyumba. Huuliza kabati gani ni kubwa, duka gani li karibu, bei gani ni nzuri. Swali la haki limegeuzwa kuwa swali la mpangaji anayetafuta nyumba.

Hilo ndilo shtaka langu la kwanza. Mtunzi anayelipa wema na uovu kwa fedha ileile hakukupa uchaguzi wa maadili, bali amekufungulia maduka mawili. Mtu hawezi kujua kama aupenda mji au aipenda nyumba, kwa kuwa vyote viwili vimefungwa katika furushi moja. Wahenga walitwambia tutende wema twende zetu, tusingoje shukrani. Hawakusema hivyo kwa kuwa shukrani ni mbaya. Walijua kwamba mtu angojaye shukrani hawezi kujijua mwenyewe.

Shtaka la pili ni la hesabu. Mchezo huu hutunza daftari la siri la matendo yako, nalo huliita karma. Neno hilo asili yake ni Kisanskriti, na maana yake ni tendo. Kila jema huongeza alama na kila ovu hupunguza. Kuzima bomu huongeza alama 200, na kuteketeza mji hupunguza alama 1000. Hapo huenda ukasema kuwa mtunzi ametenda haki, maana ameuhesabu uovu huo kuwa mkubwa mara tano. Ngoja kwanza. Nje ya mji huketi maskini anayekufa kwa kiu, na kila chupa ya maji safi unayompa hukuongezea alama 50. Piga hesabu mwenyewe: chupa 20 za maji hulipa deni la mji mzima. Umewaua wanaume, wanawake na mtoto; kisha umegawa maji, na daftari limekaa sawa. Tena upo mlango wa kanisa ambapo hata maji hayahitajiki, kwani sadaka ya vifuniko hununua alama hizo moja kwa moja.

Nakuuliza, msomaji, je, wafu wa Megaton walikunywa maji yale? Aliyekosewa ni mmoja, na aliyelipwa ni mwingine. Toba ya kweli humwendea yule aliyedhulumiwa, na ikiwa amekufa, toba hubaki jeraha lisilofungwa. Daftari linalochanganya madeni ya watu mbalimbali katika safu moja hulitunza jina la mtendaji tu, na halimjali kabisa aliyetendewa. Hatari yake haikomi katika mchezo. Tumeona duniani watu walioiba kwa mikono miwili, kisha wakatoa sadaka kwa kidole kimoja, wakapigiwa makofi. Wao pia wana daftari la namna hiyo vichwani mwao.

Shtaka la tatu lahusu majuto. Mchezaji aweza kuhifadhi hali ya mchezo kabla ya kulipua, alipue, atazame moto upandao mbinguni kama uyoga, kisha arudi nyuma na kuuokoa mji uleule. Methali yasema kuwa majuto ni mjukuu, huja kinyume. Lakini hapa mjukuu huyo hazaliwi. Maji yaliyomwagika huzoleka. Tendo lisilo na mwisho si tendo, ni jaribio la nguo mbele ya kioo. Watu wa Hiroshima na Nagasaki hawakupewa nafasi ya kurudi nyuma baada ya tarehe 6 na 9 Agosti 1945. Ndiyo maana katika toleo la mchezo huu lililouzwa Japani, Burke aliondolewa, na njia ya kulipua bomu ikaondolewa pamoja naye. Kwa watu hao, moto ule haukuwa mapambo ya hadithi.

Najua utetezi utakaoletwa. Wa kwanza atasema, "Huu ni mchezo tu, hakuna aliyekufa." Ni kweli hakuna aliyekufa, na simwiti mchezaji muuaji. Hata katika ngano hakuna anayekufa, ila bibi alipotusimulia jinsi fisi alivyoponzwa na tamaa, alitaka tutoke pale tukiwa na kitu. Wa pili atasema, "Pasipo tuzo, nani atacheza?" Hilo nalikubali nusu. Tuzo ina mahali pake: mkimbiaji hupewa kikombe, na fundi hupewa mshahara. Lakini mkimbiaji hakimbii ili kuthibitisha upendo wake kwa jirani. Tuzo yafaa kupima ustadi; haifai kupima moyo. Wa tatu atasema kwamba mchezo umetupa uhuru wa kuchagua. Namjibu kuwa uhuru usio na gharama ni wa mtoto aliyeachwa peke yake katika duka la peremende. Uhuru wa mtu mzima hujulikana kwa kile alicho tayari kukikosa.

Hata hivyo, mwamuzi wa haki hutaja na mema ya mshtakiwa. Mchezo huu una mafundisho mawili yaliyo bora kuliko mizani yake. Kwanza, bomu lile halizimwi kwa nia njema peke yake. Yakupasa uwe na maarifa ya baruti ya kiwango cha 25, na maarifa hayohayo ndiyo yahitajikayo ili kulitega. Ujuzi ni mmoja, nia ni mbili. Sijui somo lililo wazi kuliko hilo kwa mwanafunzi wa sayansi: kemia yako haitakwambia uwe nani, nao moyo wako mwema usiojua kemia hautaokoa mji.

Pili, katika jumba la Tenpenny kuna kisa kingine. Nje ya jumba wamekusanyika watu walioharibiwa ngozi na mionzi, waitwao ghuli, nao wataka kuishi humo. Matajiri wawafungia lango kwa sababu ya sura zao. Mchezaji mwenye huruma huwashawishi wenyeji wakubali kuishi nao. Lango lafunguliwa, na wote waingia kwa amani. Akirudi baada ya siku chache, huwakuta wenyeji wote wameuawa na wageni wao, chini ya uongozi wa mtu aitwaye Roy Phillips. Wachezaji wengi huudhika hapa, nami nasema wamefundishwa. Mwenye kupatanisha hana budi kuzijua chuki zote mbili, ya aliye ndani na ya aliye nje, wala asidhani kuwa mwenye kuonewa ni mwema kwa kuwa ameonewa tu. Wema ni kazi ya akili pia. Angalia vilevile kuwa hapa tuzo haikumwongoza mtu. Matokeo ndiyo yaliyomwongoza. Somo limeingia pale mshahara uliposhindwa kulieleza.

Nimeuweka mwisho ushahidi ulio mzito. Baba wa kijana yule alitumia maisha yake kutengeneza mtambo wa kusafisha maji ya nchi nzima. Namba ya kuuwasha mtambo ni 216, nayo yatokana na Ufunuo, sura ya 21, aya ya 6, aya ambayo mama wa kijana aliipenda, inayonena juu ya maji ya uzima yatolewayo bure. Bure, msomaji! Katika nchi ambamo kila chupa ina bei na kila tendo lina alama, moyo wa hadithi ni neno lisilo na bei. Na katika toleo la mwaka 2008, aliyetaka kuuwasha mtambo alipaswa kuingia chumba chenye mionzi ya kuua. Aliingia, akabonyeza namba, akafa, na mchezo ukaisha. Hapakuwa na nyumba wala vifuniko. Maji yalitiririka kwa ajili ya watu ambao hatawaona.

Wachezaji wengi walilalamika, na lalamiko lao moja lilikuwa la haki: mwenzi aitwaye Fawkes, ambaye mwili wake haudhuriwi na mionzi, aliombwa aingie naye akakataa pasipo sababu ya maana. Kafara isiyo ya lazima si kafara, ni kupoteza mtu. Basi kasoro hiyo ilistahili kurekebishwa. Mwaka 2009 ilitoka nyongeza iitwayo Broken Steel, na humo Fawkes hukubali. Lakini mtunzi hakuishia hapo. Hata mchezaji aingiaye mwenyewe huamka baada ya wiki mbili akiwa mzima, ili aendelee kucheza. Tendo moja lililokuwa halina ujira lilipewa ujira mkubwa kuliko yote, yaani uhai. Jibu lililofaa lilikuwa kumpa Fawkes akili na kukiacha kifo kiwe kifo. Kwa kuogopa kumwudhi mnunuzi, duka lilikula hekalu.

Basi wewe usomaye, sikukatazi kucheza. Cheza, ila usimwachie mwenye duka akuchagulie swali. Yeye akuuliza, "Utapata nini?" Wewe jiulize, "Nani atagharimika?" Swali hilo la pili lakufuata mpaka nje ya mchezo. Ukiokota mkoba wa mwenzako bwenini, usipime zawadi ambayo mwalimu mkuu atakupa mbele ya gwaride. Mfikirie mwenye mkoba na nauli yake ya kurudia nyumbani. Ukiulizwa utakuwa nani baada ya shule, usipime mshahara peke yake. Pima pia ni nani atakayekunywa maji utakayoyasafisha.

Wala usiogope kuwa mtu wa namna hiyo hupata hasara. Wema hauozi. Wako watu wanaokunywa leo visima vilivyochimbwa na mikono ambayo majina yake yamesahauliwa, na maji yale hayajapungua utamu kwa kuwa mchimbaji hakulipwa. Siku utakapofika mbele ya bomu lako, uwe umejifunza kulizima. Na ukishalizima, nenda zako.