TUWAJUE WANYAMA WETU: POFU

Juzi mzee mmoja wa Chamazi, wilayani Temeke, aliniuliza swali. "Bwana shamba, pofu ni mnyama gani? Jana usiku kijana mmoja alipita hapa na baiskeli. Anauza nyama kwa bei ndogo. Anasema ni nyama ya pofu."

Nikamwuliza, "Umenunua, mzee wangu?"

Akajibu, "Bado. Atarudi leo jioni."

Basi tuliketi chini ya mwembe, nikamweleza haya.

Pofu ni mnyama wa porini. Wengine humwita mbunju. Katika jamii ya swala wa nchi yetu, yeye ndiye mkubwa kuliko wote. Pofu dume aliyekomaa huweza kufika kilo 900. Dume la ng'ombe wetu wa kienyeji kwa kawaida halifiki hata nusu ya uzito huo.

Rangi yake ni kahawia hafifu. Dume akizeeka hugeuka kijivu. Chini ya shingo ana ngozi inayoning'inia, kama ya ng'ombe. Dume na jike wote wana pembe. Pembe zao zimenyooka na zimesokotwa kama kamba. Dume mkubwa akitembea, miguu yake hutoa mlio: ta, ta, ta.

Pofu hukaa mbugani na katika misitu yenye miti michache. Hula majani ya miti na nyasi pia. Tawi likiwa juu, hulivunja kwa pembe. Maji akiyapata hunywa, lakini huweza kukaa siku nyingi bila kunywa. Maji huyapata katika majani anayokula. Ingawa ni mzito, huruka juu kupita kimo cha mtu.

Jike hubeba mimba miezi 9 hivi, huzaa ndama mmoja. Ndama hupenda kukaa pamoja. Simba akija, majike huungana kuwalinda.

Ukitaka kumwona pofu, nenda Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Barabara ya kutoka Morogoro kwenda Iringa hupita ndani yake.

Mzee akauliza, "Na nyama ya yule kijana?"

Nikamjibu: Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwa na nyamapori bila kibali. Anayeuza ana kosa, na anayenunua ana kosa. Tena nyama isiyopimwa huweza kuwa na kimeta. Kimeta huua mnyama, na huua mtu.

Jioni kijana alirudi. Mzee alimwuliza mambo mawili tu: "Kibali kiko wapi? Nani ameipima nyama hii?" Kijana hakujibu. Alipanda baiskeli yake, akaondoka.

Ndugu msomaji, nawe uliza maswali hayo mawili kabla hujatoa fedha yako.

Mwezi ujao tutasoma habari za palahala.

Bwana Shamba