Habari za ndugu walio ngambo: nusu inasikika, nusu inabaki moyoni

Saa kumi na mbili ya asubuhi, Kadutu, Bukavu. Makala bado haijashika moto, lakini simu ya mama mwenye nyumba imekwisha kulia mara tatu. Ni vokali, ule ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kutoka kwa kijana wake aliye Marekani. Kule ni karibu usiku wa manane, ndiyo anatoka kazini. « Mama, niko muzima. Huku baridi ni kali, lakini Mungu anasaidia. Nimetuma kitu kidogo ya masomo ya batoto. » Watoto wanakusanyika, jirani anaingia, vokali inarudiliwa, na picha inapita toka mkono hadi mkono: kijana amesimama kando ya gari, amevaa koti kubwa.

Asubuhi za namna hii zinajulikana na wakaaji wa Bukavu, Goma, Uvira, Butembo, Bunia na Kalemie. Ila mara nyingi, jirani akisha kutoka, mazungumzo mengine yanaanza ndani ya nyumba. Nani atamfuata? Ile parseli iuzwe bei gani? Hapo habari ya familia haiko tena salamu tu. Imekuwa shauri la mali na la uzima wa mtu. Swali ni kujua kama vokali moja na picha moja vinatosha kwa kukata shauri kubwa hivyo.

Toka fonii mpaka vokali

Mashariki mwa Kongo, habari za waliosafiri zina thamani kubwa tangu miaka mingi, kwa sababu vita vimetawanya familia mara na mara. Katika eneo la Maziwa Makuu, mwaka 1994, BBC ilianzisha matangazo ya Gahuzamiryango, kwa Kinyarwanda na Kirundi, jina lenye maana ya kuunganisha familia. Croix-Rouge nayo ilibeba barua fupi zisizofungwa, zenye habari za kifamilia tu: niko hai, niko mahali fulani, nijulisheni mama yuko wapi.

Kisha kulikuwa fonii. Mahali ambapo simu haikufika, mtu alilipa, akangoja zamu yake, akaongea mbele ya watu waliopanga mustari. Wote walisikia: nani amezaa, nani amefariki, nani anaomba pesa.

Fonii haikuwa na siri, na hilo liliumiza watu wengi. Lakini lilikuwa na faida moja. Kama mtu alisema kwamba kazi Kampala ni nyingi, pengine kwenye mustari kulikuwa mwingine aliyetoka Kampala siku zile zile, na angeweza kutikisa kichwa. Vokali haina mustari. Inaingia kwenye simu ya mzazi mmoja, kwa sauti ya mtoto anayempenda, pamoja na picha, na mara nyingi pamoja na pesa. Ni vigumu kuuliza maswali makali kwa mtu ambaye amelipa masomo ya wadogo wake.

Kwa nini aliye mbali hasemi yote

Si kwamba wasafiri ni waongo. Walio wengi wanachagua cha kusema. Familia iliuza ng'ombe ao ilikopa ili mtu apate njia. Atasemaje leo kwamba analala watu sita katika chumba kimoja? Mwingine anajua kwamba baba ana ugonjwa wa tansio, hataki kumwongezea mawazo. Mwingine anaogopa kuchekwa mtaani. Basi anasema « niko muzima », na ni kweli, yuko muzima.

Mfano wa Marekani unaonyesha vile nusu inayobaki inaweza kuwa kubwa. Watu wengi mashariki wanafikiri kwamba mkimbizi aliyepokelewa kule alipewa tiketi ya ndege bure. Sivyo. Kwa kawaida, kabla ya kupanda ndege anatia sahihi kwamba atailipa. Ni mkopo usio na faida, lakini ni mkopo, na malipo yanaanza miezi sita kisha kufika. Familia ya watu wanane inafika na deni la tiketi nane. Msaada wa kwanza wa shirika lililowapokea ulihesabiwa kwa siku 90. Kisha hapo ni kodi ya nyumba, umeme, na kazi ya kusimama usiku kucha katika kiwanda cha nyama ao katika ghala.

Na ile gari ya kwenye picha? Katika miji mingi ya kule, basi ni chache ao hakuna, na asiye na gari hafiki kazini. Mara nyingi imenunuliwa kwa deni, na kila mwezi inadai malipo yake pamoja na bima. Bukavu, gari kwenye picha inasema « amefaulu ». Pale alipo, inaweza kuwa inasema tu « ninaenda kazini ». Picha ni moja, lakini wanaoitazama hawasomi kitu kimoja.

Inchi moja si sawa na nyingine

Kuna pia kosa la kuchanganya inchi. Ndugu aliye Uganda anaweza kusema kweli tupu kwamba mkimbizi anaruhusiwa kutembea na kufanya kazi, na kwamba wengine wamepata kipande cha udongo cha kulima kule Nakivale ao Kyangwali. Ila tangu mwaka 2023 msaada wa chakula ulipunguzwa na kugawanywa kwa viwango, wengine wakapata kidogo sana ao wakakosa kabisa. Ile sehemu ya kwanza inasafiri haraka kwenye WhatsApp. Ya pili inachelewa.

Tanzania ni habari ingine. Katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa kupokea Wakongomani, mkimbizi hatoki kambini bila ruhusa. Malawi nayo, kambi ya Dzaleka ilipangwa kwa watu wapata 10 000 mpaka 12 000, leo ina zaidi ya 50 000. Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwakusanya wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara katika miji, ikawarudisha kambini. Wale waliopoteza maduka yao wakati ule walikuwa wametuma kwao, miaka iliyotangulia, habari nzuri za biashara. Hawakudanganya. Hali iligeuka.

Habari ya ndugu inaweza kuwa ya kweli na bado imezeeka. Jambo hili ndilo linaponza familia nyingi kuliko uongo.

Mlango uliofungwa

Mwaka wa bajeti wa Marekani uliomalizika Septemba 2024, inchi hiyo ilipokea wakimbizi zaidi ya 100 000 kutoka dunia nzima. Karibu 20 000 walikuwa Wakongomani, hesabu kubwa kuliko ya inchi ingine yoyote. Basi ndugu aliyesema wakati ule « mujiandikishe, mungoje, njia iko » alikuwa na haki. Alikuwa anaona watu wanafika.

Tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile alipoapishwa, Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha mpango huo. Safari zilizokuwa zimepangwa zilifutwa. Kwa mwaka wa bajeti wa 2026, Marekani ilipanga kupokea watu 7 500 tu, na nafasi nyingi zikawekwa kwa Wazungu wa Afrika Kusini. Mwezi ule ule ambapo mlango ulifungwa ndio mwezi ambapo vita viliingia Goma, na haja ya kutoka ikawa kubwa kuliko zamani.

Lakini vokali za mwaka 2023 na 2024 zinabaki kwenye simu, na zinaendelea kusikilizwa. Familia inaweza kuuza parseli leo, ikavuka mpaka na kwenda kungoja kambini safari ambayo aliyeisifu hakuwa anajua kwamba itasimamishwa. Wajanja nao wanazitumia. Wanasema wanajua mtu ofisini, kwamba kwa dola kadhaa jina litaingia kwenye liste. Huduma za UNHCR, pamoja na ile ya kupelekwa inchi ya tatu, hazilipiwi. Anayeomba pesa kwa jambo hilo ni mwizi, hata akiwa na karatasi yenye muhuri.

Wa nyumbani nao wanaficha

Ingekuwa si haki kuwahukumu wasafiri peke yao. Tangu M23 waingie Goma mwisho wa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, wale waliobaki wamejifunza pia kupunguza habari. Wanasema « tuko salama » wakati nyumba imeibiwa. Wanangoja mazishi yaishe ndipo wamjulishe mtoto aliye mbali, kwa sababu hata akijua, kuja ni vigumu: uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari ile. Wengine wanafuta vokali zote kabla ya kutoka nyumbani, kwa kuogopa simu kukaguliwa njiani. Mtu anayeogopa simu yake mwenyewe hawezi kusimulia kila kitu.

Upande wa pesa, mambo yaliharibika pia. Benki zilipofunga milango Goma na Bukavu, simu ikawa ndiyo benki. Lakini kwenye kabine pesa taslimu ilikuwa haba, na wenye kabine wakakata zaidi kwa kila anayetoa. Wengine wa Goma walivuka mpaka Gisenyi kutafuta pesa yao wenyewe. Aliyetuma anahesabu kile alichotuma. Aliyepokea anahesabu kile kilichobaki. Kati ya hesabu hizo mbili, ndugu wanaanza kushukiana. « Yaya, franga yote iko wapi? » « Mudogo wangu, ile ulituma haikufika yote. » Na hapo tena, wote wawili wanasema kweli.

Maswali ambayo familia inaweza kuuliza

Hakuna anayeweza kumkataza mtu kusafiri, zaidi sana anayekimbia risasi. Anayekimbia haulizi vokali. Hapa ni juu ya zile safari zinazopangwa mezani, kwa kuuza mali. Kwa hizo, familia ina haki ya kumwuliza ndugu yake mambo machache, kwa upole na bila kumhukumu:

Karatasi yako ya kukaa inaisha lini, na kuifanya upya kunaomba nini?

Kisha kulipa nyumba, chakula na madeni, unabaki na ngapi kwa mwezi?

Ulilala wapi miezi mitatu ya kwanza, na nani alikulisha?

Njia uliyopita wewe ingali wazi leo, ao ilifungwa?

Kama ungerudi nyuma, ungekuja tena? Na ungependa mudogo wako apite pale ulipopita?

Swali la mwisho ndilo linalofungua moyo wa wengi. Mtu aliyenyamaza juu ya mateso yake mwenyewe mara nyingi hawezi kunyamaza juu ya yale yatakayompata mudogo wake. Ni vizuri pia kutafuta sauti ya pili: mtu mwingine wa mtaa, wa kanisa ao wa msikiti, anayeishi inchi ile ile lakini hana haya mbele ya familia hiyo. Ni kurudisha kidogo ule mustari wa fonii, ambapo neno la mmoja lilisikiwa na wengi.

Kuna familia ambazo hazina hata vokali ya kujadili. Ndugu alivuka Rusizi kwenda Burundi, ao Ziwa Albert kwenda Uganda, na simu yake ikanyamaza. Kwa hao, kazi ya Croix-Rouge ya kutafuta waliopotezana na kuwaunganisha na familia zao inaendelea, na hailipiwi. Jina kamili, majina ya wazazi, mahali na siku alipoonekana mara ya mwisho vinasaidia kuliko picha peke yake.

Na kwa mama wa Kadutu, aliye na bahati ya kusikia sauti kila wiki, jibu linaweza kuwa fupi. Anabonyeza, anaongea taratibu: « Mwanangu, nimesikia, na ile ulituma imefika, hata kama walikata. Leo usiniambie juu ya gari. Uniambie unalala saa ngapi, unakula nini, na unadaiwa na nani. Na mimi nitakuambia ile tulikuficha juu ya shangazi yako. »