MAJANI YAKIGEUKA MANJANO

Mwezi huu tuangalie maua ya mu nyumba, yale mama anapanda mu kopo na kuweka karibu na dirisha. Siku moja majani yanageuka manjano, na sisi wote tunakimbia kuleta maji. Ngoja kwanza! Ingiza kidole mu udongo.

Udongo ukiwa na maji mingi, na majani ya chini ni laini, ujue mizizi imekosa hewa, inaoza. Toboa kopo chini, usinyweshe tena mpaka udongo ukauke juu. Mizizi myeusi yenye kunuka uikate, kiisha upande ua mu udongo mupya.

Udongo ukiwa mukavu kabisa, nywesha polepole mpaka maji yatokee chini.

Udongo ni muzuri lakini majani mingi ya chini yanafifia? Chakula kimeisha. Tia kidogo mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri.

Majani mapya ni manjano na mishipa yake inabaki kijani? Ua halipati chuma. Majivu mingi yanaweza kuleta jambo hilo, na udongo wenye shaba mingi vilevile. Kwa hiyo sisi watu wa migodi tusichote udongo karibu na kiwanda. Udongo ule ni hatari pia kwa watoto wanaouchezea.

Geuza jani. Ukiona utando na vidoa vidogo, ni wadudu. Osha majani kwa maji yenye sabuni kidogo, urudilie kisha juma moja.

Na jani moja la chini likizeeka, hiyo si ugonjwa. Litoe tu.

Wazazi, katika Luka 13:6-9 mutunza shamba hakukubali mtini ukatwe mbio. Aliomba mwaka mumoja, achimbe pembeni na kutia mbolea. Lakini kijana wetu akianza kunyamaza mu nyumba, hatuchimbi. Tunaongeza mahubiri, sawa vile tunaongeza maji kwa ua lenye mizizi inayooza. Pengine amefukuzwa masomo sababu ya feza, na anaogopa kusema. Pengine ameanza kushuka mu mashimo ya kuchimba, na sisi hatujui.

Juma hili, mbele ya kumukaripia, ikaa naye, umuulize, kiisha unyamaze umusikilize.

Bwana awabariki.