Mficha maradhi na daktari wake

Mpenzi msomaji, mwulize mwanao leo anataka kuwa nani akimaliza masomo. Akijibu kwamba anataka kuwa daktari, mwulize tena: daktari wa nini? Atakutajia moyo, macho au watoto wadogo. Ni nadra mno kumsikia kijana akisema kwamba ndoto yake ni kuchunguza saratani ya njia ya mkojo na viungo vya uzazi vya wanaume. Akithubutu kusema hivyo, baba atakohoa, na mama atakumbuka ghafla kwamba ameacha chai jikoni.

Hata hivyo, hiyo ndiyo taaluma ninayotaka tuizungumzie Jumapili hii. Inahusu figo, kibofu, tezi-kibofu na korodani. Wanaoifanya ni wa aina kadha: wapo wapasuaji, wapo wanaotibu kwa dawa, na wapo wanaotibu kwa miale. Mtafiti miongoni mwao ni yule ambaye, baada ya kumtibu mgonjwa kama alivyofunzwa, hurudi nyumbani akijiuliza: mbona yule alipona na huyu hakupona?

Mathalan, mtazame Charles Huggins, mzaliwa wa Kanada. Mwaka 1927 alijiunga na Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, akiwa daktari mpasuaji kijana. Alikabidhiwa maradhi ya njia ya mkojo ilhali hakuwa ameyabobea. Hakukataa, bali aliketi akajifunza. Alianza uchunguzi wake kwa mbwa, kwa sababu mbwa naye hupatwa na uvimbe wa tezi-kibofu. Akagundua kwamba tezi hiyo hutegemea homoni za kiume, na homoni zikikosekana, hunywea.

Mwaka 1941, Huggins na wenzake walitangaza kwamba hata saratani ya tezi-kibofu iliyokwisha kuenea mwilini hurudi nyuma homoni hizo zikizuiwa. Haikuwa tiba ya kuponya kabisa, kwani wengi ugonjwa uliwarejelea. Lakini wazee waliokuwa wakilia kwa maumivu ya mifupa walipata nafuu. Tuzo ya Nobel alipewa mwaka 1966, miaka 25 baadaye. Hadi leo, kuzuia homoni ni nguzo mojawapo ya matibabu ya saratani hiyo.

Sasa njoo kwa vijana, maana saratani ya korodani huwapata hasa wanaume walio katika ujana wao. Mapema katika miaka ya sabini, kijana ambaye saratani hiyo ilikuwa imemwenea mwilini alikuwa na matumaini haba. Aliyepona alikuwa kama mmoja katika kumi.

Mwaka 1974, Dkt. Lawrence Einhorn wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, ambaye hata miaka 35 alikuwa hajafikisha, aliamua kuchanganya dawa mbili zilizokuwa zikitumika na dawa mpya iitwayo sisplatini. Dawa hiyo haikutoka kwa daktari. Ilitokana na mwanafizikia Barnett Rosenberg, ambaye mwaka 1965 alitangaza kwamba alipopitisha umeme kwenye bakteria, walikoma kugawanyika. Kilichowazuia si umeme bali madini ya platini yaliyotoka kwenye vyuma vyake.

Kijana wa kwanza kupewa mchanganyiko huo wa Einhorn alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye dawa nyingine zilikuwa zimemshinda. Alitapika vibaya mno, lakini ugonjwa ulitoweka, na baadaye akawa mwalimu wa baiolojia. Matokeo ya wagonjwa wa kwanza yalipochapishwa mwaka 1977, saratani ilikuwa imetoweka kabisa kwa takribani saba katika kila kumi.

Mwingine angeridhika na sifa hizo. Einhorn hakuridhika. Miaka iliyofuata aliitumia kuuliza swali lisilo na makeke: je, tunaweza kumwumiza mgonjwa kidogo zaidi na bado apone? Yeye na wenzake walipunguza kipimo cha dawa moja, wakafupisha muda wa matibabu, kisha wakaibadilisha dawa hiyo kwa nyingine isiyoleta madhara mengi. Kila hatua ilichukua miaka. Hiyo ndiyo kazi ya mtafiti, msomaji wangu. Siku ya ugunduzi ni moja, na ya kuurekebisha ni elfu.

Isitoshe, mkondo huo umefika hapa kwetu. Chuo cha Indiana na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, ni washirika wa miaka mingi. Dkt. Patrick Loehrer, aliyefunzwa na Einhorn na ambaye mwenyewe alitafiti dawa za kuwaokoa wagonjwa waliorejelewa na saratani ya korodani, ni mmoja wa waliosaidia kujenga huduma za saratani huko Eldoret.

Lakini swali la Marekani si lazima liwe swali letu. Saratani ya korodani ni nadra kwa Waafrika. Inayotusumbua ni ya tezi-kibofu, ambayo ni miongoni mwa zinazowapata wanaume wengi zaidi nchini Kenya. Inajulikana kwamba huwashika sana watu weusi, lakini sehemu kubwa ya utafiti imefanywa kwa Wazungu. Mwanafunzi unayesoma haya, shamba hilo bado linangoja jembe lako.

Sitakudanganya kwamba njia ni fupi. Utahitaji kufaulu baiolojia, kemia na hisabati. Kisha miaka sita hivi ya shahada ya udaktari, mwaka mmoja wa mafunzo kazini, miaka mingine minne au mitano ya ubingwa, na zaidi ya hiyo ukitaka kubobea katika saratani. Wenzako watakuwa wamejenga, nawe ungali unabeba vitabu. Mzazi, mvumilie mwanao.

Na kuna jambo moja ambalo hakuna daktari anayeweza kulifanya peke yake. Huggins na Einhorn wasingegundua lolote kama wagonjwa wao wangenyamaza kwa haya. Baba anayeamka mara nne usiku kwenda haja ndogo, au anayeona damu katika mkojo, huenda hana saratani, lakini hatajua mpaka apimwe. Kadhalika kijana aliyegusa uvimbe katika korodani asingoje likizo.

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai, na mficha maradhi kilio humfichua. Basi leo, baada ya chakula, lianzisheni zungumzo hilo. Chai iacheni ichemke.

Tukutane Jumapili ijayo.